Baraka ya Bibi Kwenye Kanda Namba Tatu

Villa Palmeras, Santurce
9 Oktoba 1994

Bibi,

Naomba baraka zako.

Huku kisiwani hatujambo. Paa halivuji tena tangu nilipolipaka lami, ila mparachichi wa Doña Provi bado unatuangushia maparachichi juu ya bati, na kila moja likianguka jogoo wake anawika kana kwamba ameitwa. Doña Provi anakusalimu. Anasema tangu uondoke hana jirani wa kubishana naye habari za mahubiri, na mimi ananiona sifai kwa kazi hiyo. Shangazi Carmín anaendeleaje na mguu? Mwambie asijifanye shujaa kwenye ngazi.

Kanda yako ilifika siku mbili baada ya siku yangu ya kuzaliwa. Umeimba vizuri, Bibi, na tari lako halijapoteza hata pigo moja pamoja na baridi yote hiyo ya Hartford. Ile sehemu ya mwisho, unaposema, "Mungu akubariki, Eli, na wote walio ndani ya nyumba hii," nimeirudia mara nyingi. Nimeirudia zaidi ya unavyodhani.

Nimeacha kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nakuambia mwenyewe kabla hujaambiwa. Sasa kazi yangu ni muziki. Kanda yangu namba tatu imetoka, inauzwa kwa Don Chago pale kituo cha mabasi, na magari mengi yakipita mtaani yanaipiga. Ni ule mdundo wa Kijamaika niliokuwa nakuchosha nao, na vijana wetu wanatamba juu yake kwa Kihispania chetu, upande mzima wa kanda bila kupumzika. Muziki wenyewe bado haujatulia kwenye jina moja. Don Chago ameandika "regetoni" kwenye kadi ya rafu yake na watu wanamcheka. Napiga pia kwenye sherehe, ambako wananiita DJ Ropero.

Usiwe na wasiwasi na nyumba.

Mjukuu wako,
Eli


Hartford
6 Novemba 1994

Mungu akubariki, Eli, akulinde na akuongezee akili.

Carmín bado anatembelea magongo na bado anagombana na ngazi. Theluji ya kwanza ilianguka juzi, ikaondoka kabla sijamaliza kuilalamikia. Nimepata kanisa la watu wetu, liko kwenye jengo lililokuwa duka la viatu. Mpiga tari wao alikuwa anawahi pigo kama mtu anayekimbilia basi, nikavumilia Jumapili mbili, ya tatu nikalichukua tari kwa upole na sijalirudisha.

Sasa tuzungumze. Doña Provi ameniandikia kurasa nne. Anasema vijana wanaingia na kutoka mchana kutwa, na kwamba dirisha la chumbani kwangu limezibwa kwa godoro. Nakuuliza polepole, baba: chumbani kwangu kuna nini? Na kwa nini wakuite Ropero? Kabati la nguo! Mtu mwembamba kama wewe, ningeelewa wangekuita mpini wa ufagio.

Kuhusu nyimbo za dunia, una miaka ishirini na miwili na siwezi kukushika mkono. Nilikulea kwa mapambio na nikadhani yatatosha. Nakuomba kitu kimoja tu, nyumba yangu isiingizwe kwenye mambo hayo. Mimi ni mshirika wa kanisa kwa miaka thelathini na mmoja, na jina langu ndilo mali niliyo nayo.

Nitumie gauni langu jeupe la Meza ya Bwana. Liko kabatini upande wa kushoto, ndani ya mfuko wa nailoni.

Bibi yako


Villa Palmeras
20 Desemba 1994

Bibi,

Naomba baraka zako, na nakutakia Krismasi njema wewe na Shangazi.

Doña Provi ameniletea pasteles kumi na mbili za ndizi na nyama. Amezifunga vizuri kwenye majani ya mgomba kama zako, ila chumvi ameionea huruma. Nimezila zote na nikamshukuru, kwa hiyo usinitaje kwenye barua yako kwake.

Gauni nimelituma jana. Nimelipiga pasi mwenyewe. Chumbani kwako kuna usalama. Godoro la dirishani ni kwa ajili ya kelele, na jina ni utani wa watu tu, usilipe uzito.

Kanda namba nne imekwisha. Nataka nikueleze jinsi ninavyofanya, labda utaniona sipotezi muda. Mdundo naukata kwenye santuri, kipande cha kupumua mara nne, nakirudia na kukirudia mpaka kinakuwa njia ya kutembelea. Lakini kazi yenyewe naijifunza kwenye sherehe, nikiangalia miguu ya watu. Unakumbuka Babu alivyokuwa akipiga ngoma kule kijijini Loíza? Hakuwa anaamua yeye. Mchezaji alirusha sketi au bega na ngoma ikamjibu. Nami nafanya vivyo hivyo kwa santuri mbili, na wenzangu wengi hawajalijua hilo, wanadhani wachezaji ndio wanaowafuata wao.

Watu wakisafiri wanabeba kanda zangu. Nimesikia ziko mpaka New York. Nafurahi na moyo unanidunda, vyote pamoja.

Eli


Hartford
22 Januari 1995

Eliezer,

Carmín ameacha magongo. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Jumapili iliyopita nilitoka kanisani na Dada Luz, tukasimama nje ya duka la mikate la Park Street tukingoja lifunguliwe. Gari jekundu likaegeshwa mbele yetu, madirisha yameshushwa kwenye baridi ile. Nikasikia mwanamke mzee anasema, "Mungu akubariki, Eli, na wote walio ndani ya nyumba hii." Halafu ngoma. Halafu kijana akaanza kueleza makalio ya msichana mmoja, kwa kirefu, bila kusahau kitu.

Dada Luz akanigeukia. "Dada Eduviges," akasema, "hiyo si sauti yako?"

Nilisema siyo. Nilisema uongo nikiwa nimevaa gauni la Meza ya Bwana, lile ulilolipiga pasi, ambalo linanuka sigara kwenye makwapa ingawa mimi sijavuta sigara tangu nizaliwe.

Baraka huombwa kwa mdomo na hutolewa kwa mdomo, na anayetoa anajua anampa nani. Wewe uliichukua ukaiuza rafuni. Basi, kwa kuwa unayo kwenye kanda, ukiitaka bonyeza kitufe uisikilize. Huhitaji nyingine kutoka kwangu.

Eduviges Cepeda


Villa Palmeras
5 Februari 1995

Bibi,

Naomba baraka zako. Naandika hivyo hata kama hutajibu, kwa sababu sijui kuanza barua kwako kwa njia nyingine.

Nimekosa. Sitajitetea, ila nitakueleza mambo niliyokuficha, kwa kuwa nimechoka kuandika kwa kukwepa.

Wananiita Ropero kwa sababu waimbaji wangu wanarekodi ndani ya kabati lako. Nilijaribu bafuni, sauti ikawa kama ya mtu aliye kisimani. Nilijaribu jikoni, jogoo wa Doña Provi akaingia kwenye kila wimbo. Kabatini, katikati ya magauni yako, sauti inatoka safi na ya karibu, kama mtu anakunong'oneza. Wakubwa wenye studio za vioo wananiuliza nimeipataje. Mwimbaji anaingia na maiki, nafunga mlango, naona waya tu chini. Magauni sikuyatoa kwa sababu ndiyo yanayokunywa mwangwi. Sigara ni ya kijana mmoja, nimeshamfukuza kabatini.

Siku kanda yako ilipofika tulikuwa watano chumbani. Niliipiga mbele yao. Uliposema "na wote walio ndani ya nyumba hii" hakuna aliyecheka, nao huwa wanacheka kila kitu. Kuna mwimbaji anaitwa Nashali Osorio, ana miaka kumi na tisa, ulimi wake unaogopwa Santurce nzima. Akaniambia, "Irudishe nyuma, Eli. Acha na mimi nibarikiwe, hata kwa kuibia." Tangu siku ile hakuna anayeingia kabatini kabla ya kuisikia. Ikawa ndivyo tunavyoanza kazi, nami nikaiweka mwanzoni mwa namba tatu na namba nne kwa sababu ndivyo kazi ilivyoanza. Kukuuliza sikukuuliza, kwa kuwa nilijua utakachosema. Hapo ndipo nilipokosa.

Zilizokwisha kutoka siwezi kuzirudisha. Namba tano haitakuwa na sauti yako, nakuahidi. Lakini muziki, Bibi, kuacha siachi. Mama alipofariki ulinichukua ukanipa kijiko na sufuria nipige ili nisilie. Bado napiga.

Eli


Villa Palmeras
12 Machi 1995

Bibi,

Naomba baraka zako.

Wiki tano na hakuna barua. Shangazi ameniambia kwa simu kwamba u mzima na kwamba ukisikia jina langu unaenda kuosha vyombo ambavyo ni safi. Sawa. Nitaendelea kuandika.

Huenda habari zimefika huko. Polisi wamepita kwenye maduka ya kanda wakibeba masanduku, wanasema maneno ni machafu. Namba tatu na namba nne zimeondoka pamoja kutoka kwa Don Chago. Redioni wanatujadili watu ambao hawajawahi kutusikiliza. Kuna maneno machafu kweli, nakubali, nami niliyaacha yapite kwa sababu yalikuwa yanachekesha. Lakini wanazungumza kana kwamba sisi ndio tuliouleta umaskini huu mtaani, tukiwa tumeuficha kabatini.

Namba tano imetoka, na sauti yako haimo. Wateja wanairudisha dukani. Wanasema ni ya bandia, bibi yuko wapi? Don Chago alinishika bega akasema, "Kijana, mrudishe bibi kazini, utaniua kwa njaa." Nikamwambia hapana. Waimbaji wawili wamehamia kwa DJ mwingine. Na kuna mwizi mmoja wa Bayamón ananakili kanda zangu, ameona pengo akamchukua shangazi yake aseme maneno yako. Sasa za bandia zina bibi na za kweli hazina. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu sikuona tena kinachochekesha.

Sirudishi. Nilikuahidi.

Eli


Hartford
9 Aprili 1995

Eliezer,

Barafu imeyeyuka. Carmín amerudi kazini, kwa hiyo mchana niko peke yangu na nafikiri kuliko ninavyotaka.

Nijibu bila kuzunguka: polisi waliingia nyumbani kwangu? Waligusa kabati?

Carmín alileta kanda ya huyo mwizi wa Bayamón, sikumtuma. Mwanamke yule anabariki kama mtu anayeagiza nyama buchani. Hana hata haya. Kama ni lazima watu wadanganywe, wadanganywe na mtu anayejua kutamka.

Kuna jambo sikukuambia Januari. Kwenye mfuko wa gauni langu nilikuta karatasi imekunjwa mara nane. Nilidhani ni risiti. Imeandikwa kwa kalamu ya kijani:

Mama, nipo mlangoni,
Pazia nalitazama,
Leo tena naomba baraka zako,
Nawe wanyamaza, Mama.

Niliiweka ndani ya Biblia na nimekuwa nikiikuta kila nikifungua. Ni ya huyo Nashali? Ulisema aliiba baraka yangu, hukusema kwa nini hana ya kwao. Nataka kujua.

Na mstari wa tatu unachechemea. Nimeupiga na tari, haukai. Aondoe "leo tena". Mtu anayeomba kila siku hana haja ya kusema leo tena.

Eduviges


Villa Palmeras
30 Aprili 1995

Bibi,

Naomba baraka zako.

Polisi hawakuingia. Kabati liko kama ulivyoliacha, isipokuwa waya.

Karatasi ni ya Nashali. Aliitafuta miezi minne, akatulaumu sote. Mama yake anakaa mitaa mitatu kutoka hapa. Alimfukuza nyumbani alipoisikia sauti yake kwenye kanda iliyokuwa ikipigwa kwenye gari la watu, na tangu hapo ni miaka miwili. Kila Jumapili Nashali anapita, anasimama mlangoni, kwenye baraza, anasema, "Mama, naomba baraka." Yule mama anamwona. Anavuta pazia. Nashali anangoja kidogo, halafu anakuja kwetu na kutukana watu wote kwenye maiki. Nilikuwa sijui kwamba ameyaandika haya, yeye huandika matusi.

Nilimsomea ulichosema kuhusu mstari wa tatu. Aliuimba bila "leo tena", akaniambia, "Bibi yako ni hatari." Tukaurekodi siku hiyohiyo. Aliimba kwa sauti ya chini na nikapunguza ngoma mpaka ikabaki kama mtu anayegonga mlango kwa kidole. Ndio wimbo wa kwanza kwenye namba sita, na ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilipoupiga kwenye sherehe watu waliacha kucheza, nami nikawafuata, nikaacha ngoma inyamaze nao, kama Babu.

Kabla ya wimbo huo nimeacha sekunde nne tupu. Ni mkwaruzo wa kanda tu. Ndiyo nafasi yako. Don Chago anasema watu watadhani kanda ni mbovu. Wadhani. Sitamweka shangazi wa mtu pale, na wewe sitakuiba tena. Nikifika kanda namba hamsini, sekunde nne zitakuwepo, tupu. Na kila barua nitaomba. Kama Nashali anaweza kuomba kwenye pazia, mimi naweza kuomba kwa posta.

Eli


Hartford
28 Mei 1995

Eliezer,

Carmín hajambo, theluji haipo, na kanisani wameniomba niwafundishe vijana kupiga tari. Nimewaambia waangalie kwanza miguu ya wanaosimama kusifu. Babu yako angecheka.

Nimemwambia Dada Luz ukweli kuhusu duka la mikate. Alisema alijua tangu siku ile, na kwamba mwanawe ana namba tatu na namba nne zote. Kumbe miezi minne nimejificha nyuma ya kidole.

Sasa sikiliza. Nimelikubali kabati, kwa masharti. Sigara hapana. Magauni yapigwe jua kila mwezi. Na mtu akiingia humo na maiki ajue amesimama katikati ya nguo za mwanamke mzima, kwa hiyo lile ambalo asingelisema mbele yangu asiliseme mbele ya magauni yangu. Makalio mkayaimbie jikoni, na jogoo.

Ndani ya bahasha hii kuna kanda ndogo. Tulirekodi jikoni kwa redio ya Carmín, naye alishika saa. Sekunde nne ni chache, ilibidi nirudie mara tisa. Mlio unaosikika nyuma ni bomba la maji moto, usilitoe, limeshiriki. Nimeomba kwanza kabla ya kusema, na nimesema kwa hiari yangu, mtu yeyote akikuuliza.

Usidhani baraka hiyo ni yako. Katika hiyo ya kwenye kanda nimemtaja Nashali Osorio kwa jina lake lote. Mpe aisikilize peke yake kwanza, mlango ukiwa umefungwa. Baadaye yeye ndiye atakayesema kama iingie kwenye nafasi ile au abaki nayo. Usimwamulie. Na Jumapili aendelee kwenda kusimama pale barazani kwa mama yake. Pazia huchoka.

Yako siiweki kwenye kanda, nimeshakujua. Yako naiandika hapa chini, ambapo hakuna mashine ya kuipiga.

Mungu akubariki, Eli, na wote walio ndani ya nyumba hii.

Bibi yako